Mwaka Nilipompigia Saluti Mfungwa

Simu kutoka Arua, ng'ambo ya mpaka, iliita nikiwa uani napepeta mchele, na kwa kuwa namba yenyewe ilianza na tarakimu nisizozijua, niliiacha iite mpaka ikachoka. Siku hizi ukipokea kila simu utaambiwa umeshinda bahati nasibu ambayo hukuicheza. Ikaita tena. Sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kizito cha kule kwao lakini kimenyooka, ikauliza kama mimi ndiye Afande Zuhura wa Tabora. Nilikuwa sijaitwa afande kwa miaka mingi, na mgongo wangu ulinyooka wenyewe. "Mimi ni binti wa Meja Ezati," akasema. "Mzee ametutoka jana asubuhi. Alituagiza, siku nikifa, kabla hamjamwita mchungaji mpigieni Afande wa Tabora, na Afande awaambie watu wa Ipole." Niliweka ungo chini. Nikasema inna lillahi, nikalia kidogo, kisha kicheko kikanitoka kwa sababu nilimkumbuka yule kuku. Binti wa watu upande wa pili nadhani alihofia amepiga simu kwa bibi aliyerukwa na akili. Nikamwambia asijali, watu wa Ipole nitawapata, na wao watajua la kufanya.

Wajukuu wangu wanajua nilikuwa jeshini kwa sababu ya picha iliyoko sebuleni, na kila wanapoleta rafiki zao huniuliza niliua wangapi. Sikuua mtu. Vita vya Kagera vilinikuta luteni usu mpya, nyota moja begani inang'aa kama sufuria ambayo haijaonja moto, na kabla zamu yangu ya kwenda mbele haijafika, vita vikaisha. Badala ya kupelekwa Kampala nikarudishwa Tabora, mji uleule niliokuwa nimefurahi kuuaga, kuwa ofisa wa zamu katika kambi ya mateka wa Kiganda nje kidogo ya mji. Nilinuna. Wenzangu walirudi na habari za mizinga na mito, mimi kazi yangu kukagua blanketi na kuonja mlenda. Laiti ningejua kwamba mwaka ule wa blanketi na mlenda ndio ungenifundisha karibu yote ninayoyajua kuhusu heshima, nisingepoteza muda kununa.

Bwalo la maofisa lilikuwa nyumba ya zamani yenye kuta nene, ndani baridi hata jua likiwa utosini. Palikuwa na meza moja ndefu ya mninga, sahani za bati, na katikati bakuli la asali ya Sikonge ambalo halikukosekana hata siku ambazo sukari haikuonekana mji mzima. Nyuma yake palikuwa na stoo yangu, iliyotengwa na bwalo kwa ukuta wa mbao tu, kwa hiyo kila lililosemwa mezani nililisikia nitake nisitake. Mkuu wa kambi alikuwa luteni kanali mfupi, mchache wa maneno, tuliyemwita Kanali. Siku niliporipoti aliniambia jambo moja tu. "Meja ni meja hata akiwa mfungwa. Ofisa akizoea kumdharau ofisa wa adui, kesho atamdharau wa kwake. Utampigia saluti." Meja mwenyewe ndiye huyo Ezati, mkubwa wa mateka wote kwa cheo, mrefu na mkavu, aliyevaa fulana ya kambi iliyotoboka kwapani. Kila asubuhi nilipoingia kukagua alisimama wima, nami nikampigia saluti, naye akaipokea kwa kuinamisha kichwa, maana jeshini asiye na kofia harudishi saluti kwa mkono. Askari wangu walikuwa wakibana vicheko mlangoni. "Afande," mmoja aliniuliza siku moja, "leo umeisalimia fulana tena?" Nikamjibu kwamba fulana ikiwa na meja ndani yake, nitaisalimia hata ikianikwa kwenye kamba. Nilisema hivyo kwa kiburi cha ujana tu. Moyoni nilijiona kichekesho.

Kisha akaja Kapteni Ojara. Huyu alikuwa Mganda wa upande wetu, mmoja wa wale waliokimbilia kwetu miaka ya nyuma wakarudi kwao pamoja na jeshi letu, na serikali mpya ya kule ilikuwa imemtuma aseme ni nani kati ya mateka arudi nyumbani mapema na nani asubiri. Alikuwa kijana safi, sare imepigwa pasi mpaka inakata, na alikula kwa uma hata ugali. Kanali alikuwa na desturi ya kumwalika mkubwa wa mateka mezani kila Jumapili mchana, na Jumapili ya kwanza ya Kapteni Ojara tuliketi wote, Ezati na fulana yake akiwekwa mbele ya Kapteni. Ojara alimtazama. Hakusimama kumpa heshima. Alichukua sahani yake akaenda kula barazani, akitupa sisi mgongo. Baadaye nilimsikia nyuma ya ukuta wa mbao akimwambia Kanali, "Yule ndiye aliyenifundisha kusoma ramani, afande. Siku tulipoona mambo yameharibika tulimwambia tukimbie. Akasema ofisa hakimbii jeshi lake. Sisi tukalala maporini, ndugu zetu wakauawa, yeye akabaki na cheo chake. Na leo mnamlisha asali." Kanali akasema, "Ndiyo. Tunamlisha asali." Siku ile sikujua nani ana haki. Mpaka leo nadhani wote wawili walikuwa nayo, na hiyo ndiyo shida ya vita.

Sasa nimtaje Mama Kulwa wa Ipole, maana bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa mjane, mrina asali kama wanaume, mwenye pacha wawili, Kulwa na Doto, na aliyewafuata pacha, Shija, ambaye alikuwa koplo katika jeshi letu. Shija alitoweka mwanzoni kabisa mwa mapigano. Hakuonekana kwa walio hai wala kwa waliozikwa. Mama yake alikuwa akifika getini kwetu na kibuyu cha asali, amepanda lori la tumbaku kutoka Sikonge, kuuliza kama Shija amerudi. Tulimwambia mama, hapa wako mateka wa upande wa pili tu, wetu hawapiti hapa. Alikuwa akijibu, "Wanaojua alipo mwanangu ni haohao." Watu wa kwao walimshauri aweke matanga, alie, apumzike. Akakataa. "Siwezi kumlilia mtu ambaye huenda yuko njiani," aliniambia, "akija akakuta tumenyoa nywele itakuwaje?" Alicheka aliposema hivyo, akanikabidhi kibuyu. Nilikuwa nikiipokea ile asali na kuiweka mezani, lakini kuila mwenyewe kulinishinda.

Asubuhi moja, baada ya saluti yangu, Meja Ezati aliniuliza, "Afande, Ipole ni mbali?" Nikamwambia ni mbele ya Sikonge, kwa nini? Alisimama vilevile wima, macho ukutani, akasema, "Kuna mtoto wa Ipole mimi nilimzika." Aliniambia yote kwa Kiswahili chake cha kijeshi, kifupi kifupi. Walimkamata Shija ameumia tumbo. Hakuishi sana. Kila alipozinduka alitaja mama yake, na mizinga ya nyuki, na pacha. Ezati alimzika kando ya kanisa la kijiji, akawapanga askari wake, bunduki zikaelekezwa chini, akampigia saluti. "Kamanda wangu alinitukana sana," akasema. "Anasema naheshimu adui. Mimi nikasema, huyu amekufa, si adui tena. Juzi kwa dirisha nimemwona mwanamke na kibuyu. Askari wako wanasema ni mama wa Shija wa Ipole. Afande, maneno haya hayaendi kwa redio. Mimi niende kwake."

Nilimpeleka kwa Kanali. Kanali alimsikiliza mpaka mwisho, akasema atampa askari wawili wenye silaha. Ezati akakataa. "Nikienda na bunduki nyuma yangu, mama atasema nimelazimishwa. Hataamini. Nipe siku mbili. Natoa neno langu la ofisa, Jumapili kabla bendera kushuka niko hapa." Ojara alikuwa amekaa pale na majalada yake. Akacheka bila furaha. "Neno la ofisa! Huyu ataonekana Kigoma." Nami, sijui nani alinisukuma, nikasikia sauti yangu ikisema kwamba neno lake nalichukua mimi. Kanali alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. "Asiporudi, Luteni," akasema, "ile fulana utaivaa wewe." Hakuwa anatania. Mateka akitoroka kwa dhamana ya ofisa, ofisa huyo anakwenda kizuizini, na nyota yangu ilikuwa haijachujuka hata kidogo.

Jumamosi alfajiri nilimpa baiskeli ya kambi ya kutumia kutoka Sikonge, na shati la Kanali lililombana mabegani. Pale getini nilimfundisha jambo moja, maana kwao hawana salamu yetu. Nilimwambia, ukifika, kabla ya jina lako, kabla ya yote, piga goti kidogo useme shikamoo mama. Akikuitikia marahaba, sema ulichonacho. Asipokuitikia, geuza baiskeli urudi, usibishane naye. Alirudia neno lile mara kadhaa kama anayejifunza neno la siri la zamu. Lori la tumbaku likamchukua. Nikabaki getini nikiwaza kwamba kuna mawili yanayoweza kunivua nyota. La kwanza, akimbie. La pili, ambalo ndilo nililoliogopa kweli, afike, aseme kwamba yeye alikuwa ofisa wa jeshi lililomuua Shija, na vijana wa Ipole wachukue mapanga.

Jumapili mchana kiti chake kilikuwa kitupu mezani na Ojara alikula ndani. Alikula taratibu, akajipakulia uyoga wa karanga mara ya pili, akanisogezea bakuli la asali. "Kula, Luteni. Fulana ile ni kubwa, itakubidi unenepe." Jioni bendera ikashushwa. Nilisimama kwenye gwaride nikitazama barabara ya Sikonge, vumbi likainuka mara moja, ng'ombe wa mtu wakapita. Nilipoingia stoo nikamsikia Ojara nyuma ya mbao, "Yule binti ameponzwa na heshima, afande." Na Kanali akasema, "Bora aponzwe na hiyo kuliko nyingine. Kesho mchana nitapiga simu makao makuu." Sikulala, lakini hayo hayana maana kusimuliwa, kila mtu amewahi kukesha. Asubuhi nilivaa sare yangu safi kuliko zote, nikang'arisha nyota, nikasema kama ni mwisho basi uwe mwisho nadhifu.

Walikuja wakati tunakula chakula cha mchana. Tulisikia kwanza kelele za askari getini, kisha kicheko, halafu kuku akilia. Nilitoka mbio mpaka nikaangusha benchi. Meja Ezati alikuwa ameketi nyuma ya baiskeli ya kambi, uso umepakwa unga mweupe kutoka paji mpaka kidevuni, majivu kichwani, shati la Kanali limechanika bega, na kwapani amebana jogoo mwekundu. Anayeendesha alikuwa Doto, kaka yake Shija, jasho likimtiririka tangu pale lori la tumbaku lilipowashusha. Ezati alishuka, akasimama wima mbele yangu na jogoo wake, akasema, "Afande, nimechelewa. Nimekamatwa." Nilishika ukingo wa mlango, na nasema wazi, sijawahi kumpenda binadamu asiye ndugu yangu kama nilivyompenda mtu yule wakati ule, na unga wake wote.

Doto ndiye aliyesimulia, akiwa amesimama bwaloni mbele ya maofisa, akila ugali wetu kwa mkono bila wasiwasi. Alisema Ezati alifika, akapiga goti, akasema shikamoo mama. Mama Kulwa alimtazama muda mrefu mtu huyu mgeni, shati halimtoshi, mpaka Doto akaanza kutafuta fimbo. Kisha mama akaitika marahaba. Ezati akasema yote, tumbo, mizinga, pacha, kanisa, saluti. Mama akauliza tu, "Alifunikwa uso?" Akajibiwa ndiyo, kwa shuka safi. Hapo akapiga kelele ile aliyoiweka tangu mwanzo wa vita, na kijiji chote kikaja. Kulwa alishika panga. Vijana wengine wakamzunguka mgeni. Mama akajifuta uso akasema, "Weka panga chini, Kulwa. Mimi nina msiba leo, sina vita. Msiba huu hauna mtani. Nani atamtukana mwanangu nipate kucheka?"

Labda vijana wa leo hawajui vizuri. Sisi watu wa Unyamwezi utani tumeuokota njiani, enzi za wapagazi waliopita hapa na meno ya tembo vichwani, wakapigana na makabila ya njiani, wakapatana, na waliopatana baada ya kupigana wakawa watani. Mtani ana kazi msibani. Huchimba kaburi, hupasua kuni, humwiga marehemu na kumtukana mpaka wafiwa wacheke, na akitaka kuku wa wafiwa humkamata bila kuomba, na hakuna wa kumkasirikia. Sasa Mama Kulwa akatoa hukumu yake mbele ya wote. "Tumepigana na hawa watu. Vita vimeisha. Basi ni watani, na huyu ndiye wa kwanza kufika. Hatoki hapa mpaka tuanue matanga." Ezati akamwambia, "Mama, mimi nina amri, Jumapili jioni." Mama akasema, "Hata mimi nina amri." Wakampaka unga. Wakamfundisha la kufanya. Alisimama katikati ya ua, machozi yanachimba mifereji kwenye unga, watu wakimngoja. Mwishowe akapaza sauti, "Shija! Wewe askari gani? Umenipiga risasi, umekosa kichwa kikubwa kama hiki, umetoboa kofia! Kofia ya serikali!" Na Mama Kulwa, alisema Doto, akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akalia, akacheka tena, na wanawake wote wakacheka naye. Basi matanga yakaanuliwa alfajiri ya Jumatatu, wakanyoa nywele. Lakini Ezati hakutaka kuchukua kuku, akasema yeye ni mfungwa, hawezi kurudi kambini na kuku wa watu. Mama akamkamatia mwenyewe, akamwambia, "Mfungwa hachukui. Mtani anachukua."

Jogoo alikuwa chini ya meza anadonoa makombo. Nilimwona Kapteni Ojara akifuta mikono yake taratibu kwa leso. Akasimama, akachukua kofia yake iliyokuwa juu ya meza, akaivaa, akainyoosha, akapiga hatua mbele ya yule mtu wa unga na majivu, akampigia saluti. Saluti ndefu, ya kufundishwa, na aliyemfundisha alikuwa mbele yake. Ezati aliipokea kwa kichwa, unga ukadondoka sakafuni. "Mwalimu," Ojara akasema, "bado nina hasira na wewe." "Najua," akajibu Ezati. "Una haki." Ojara akamvutia kiti kando yake, na hakuna aliyekwenda kula barazani siku ile. Kanali alimwambia mpishi jogoo asiguswe, kisha akanigeukia mimi. "Luteni," akasema, "shati langu utalishona wewe." Ilikuwa adhabu yangu pekee, na nililishona nikiimba.

Ezati alirudi kwao kabla ya mwaka kuisha, jogoo akiwa ndani ya kikapu. Tangu hapo hakukata mawasiliano nasi wala na Ipole. Mama Kulwa alipofariki, miaka mingi baadaye, alikuja kwa basi kutoka Arua mpaka Ipole, mzee mwenye mkongojo, akajipaka unga mwenyewe, akamwiga marehemu akirina asali, na akaondoka na tetea. Nami nilijifunza kitu ambacho chuo cha jeshi kilinipa kwa maneno tu. Saluti ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtu wa upande wa pili kukubali kukuchekesha siku ya msiba wako.

Jioni ile ya simu nilimpigia Doto, ambaye sasa ni babu mwenye meno machache na simu ya tochi. Alisikiliza, nikamsikia akipenga kamasi. Kisha akaniambia, "Dada afande, niunganishe na hao wafiwa." Mjukuu wangu aliunganisha simu hizo mbili, sijui kwa uchawi gani. Kule Arua binti alisema wameiweka sauti juu na ua umejaa watu, hata mchungaji yupo. Doto akakohoa. Kisha akapaza sauti kwa nguvu zote zilizobaki kifuani mwake. "Ninyi watu wa Arua! Sisi ni watani wenu wa Ipole! Huyo mzee wenu ni mwizi! Alikuja na shati la kuazima, akaondoka na jogoo wa mama yangu, akarudi akachukua na tetea! Asifukiwe kabla hatujarudishiwa! Fungueni jeneza mtazame, huenda kaenda nao!" Nilishika simu yangu kwa mikono miwili, nikingoja kama Jumapili ile kwenye gwaride. Halafu kutoka mbali, nyuma ya mpaka na ziwa na vita vyote vile, nikasikia mtu mmoja akicheka, nadhani alikuwa mjane wa Ezati, halafu ua mzima.